Mstari hafifu: nani amefundishwa kuusoma Masisi na Walikale?

Wenzangu, leo tuache siasa kidogo. Nataka tuzungumze juu ya kitu chenye urefu wa kidole: kaseti ya TDR. Aliyepita ITM ao ISTM anaijua vizuri, na hata yule aliyesoma sheria ao uchumi ameshachomwa kidole mara nyingi kuliko anavyokumbuka. Tone la damu, matone ya maji ya kipimo, dakika kumi na tano, mstari. Mstari mmoja, hauna malaria. Mistari miwili, chukua dawa. Inaonekana rahisi mpaka watu wamefikia kusema "mtu yeyote anaweza kuifanya". Neno hilo, "mtu yeyote", njo ninalotaka kubishana nalo, maana huko Masisi na Walikale limekuwa kanuni ya kazi bila mtu kuiandika mahali popote.

Kwanza tuelewane nani anapima. Teritwari ya Masisi ina zone za afya nne: Masisi, Kirotshe, Mweso na Katoyi. Walikale nayo ina nne: Walikale, Pinga, Kibua na Itebero. Kwenye karatasi zinalingana. Kwenye ardhi, hapana. Masisi haifiki km² 5,000. Walikale inapita km² 23,000, karibu na Rwanda nzima, na sehemu kubwa ni pori. Hopitali kuu ya zone ina labo, ina mikroskopi, ina laborantini anayeweza kusoma GE. Ukitoka pale, ukapanda mlima ao ukaingia porini hadi kituo cha afya, na zaidi ukimfikia reko anayetunza watoto kijijini, labo ni kaseti. Malaria, VVU kwa mama mjamzito, kaswende, sukari, kiasi cha damu, na wakati wa mlipuko hata kipindupindu: yote inapimwa palepale mgonjwa alipo, na mtu ambaye mara nyingi hakusomea labo. Mimi sioni ubaya katika hilo. Bila kaseti, mtoto wa Itebero mwenye homa angetibiwa kwa kubahatisha, kama zamani. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani, OMS, linataka kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza, ndipo apewe dawa. Kaseti iliwezesha jambo hilo mahali ambapo mikroskopi haitafika kesho wala kesho kutwa.

Ubaya uko kwenye namna tunavyomhesabu mtu kuwa "amefundishwa".

Dunia imeandika masharti juu ya jambo hili. Kuna kanuni ya kimataifa, ISO 22870, iliyotoka mwaka 2006, ikarekebishwa 2016, kisha 2022 yaliyomo yakaingizwa ndani ya ISO 15189, ile kubwa ya maabara za tiba. Nimeisoma kwa jicho la mtu wa kwetu, na nasema wazi: kiini chake ni kizuri. Inataka kwamba hakuna anayempima mgonjwa mpaka awe amemaliza mafunzo ya nadharia na ya vitendo, na awe ameonyesha kwamba anaweza. Kuonyesha! Haisemi "awe amehudhuria". Inataja pia vitu ambavyo mtu lazima avijue: kuchukua sampuli, kutunza vifaa, kuhakiki ubora, kujikinga na maambukizi, kuandika matokeo, kujua cha kufanya matokeo yakitoka nje ya mipaka, na kujua kipimo kinafaa kwa nini na kinashindwa wapi. Halafu inataka mtu afuatiliwe, na arudiwe baada ya muda.

Lakini maandishi yenyewe yana kasoro mbili ambazo msomaji wa Goma anaziona upesi. Ya kwanza ni kwamba yanauzwa, na bei imeandikwa kwa faranga za Uswisi. Masharti juu ya mikono yetu, mwanafunzi wetu hawezi kuyafungua bila kulipa. Ya pili ni kwamba yameandikwa na watu wanaofikiria hopitali moja kubwa, yenye labo mama chini na wodi juu, ambapo mashine inamkataa muuguzi asiye na namba ya siri. Kaseti ya plastiki haimkatai mtu. Itampa mstari aliyefundishwa na asiyefundishwa, na mistari yote miwili itafanana.

Sasa tuone kinachofika kwetu kutoka kwenye kanuni hiyo. Kwa maoni yangu kinachofika ni ganda.

Tuseme pakiti mpya za vipimo zimeletwa. Ofisi kuu ya zone, BCZ, inaita semina. Kila kituo kinatuma mtu mmoja, na huyo karibu sikuzote ni muganga mkuu wa kituo, IT, kwa sababu jina lake njo liko kwenye orodha na kwa sababu semina ina perdiem. Siwalaumu. Mtu ambaye hajaona mshahara wa serikali kwa miezi, ukimwambia perdiem, ataenda hata kwa miguu. Projekta inawaka kama kuna mafuta ya jenereta, slaidi zinapita kwa Kifaransa, mchana wanakula, jioni wanasaini orodha ya waliohudhuria: jina, kazi, kituo, namba ya simu, sahihi. Washiriki thelathini wanaweza kugawana kaseti kumi za mazoezi. Kisha ripoti inaandikwa kwamba watoa huduma thelathini wamefundishwa, na mfadhili anafurahi.

IT anarudi kituoni na kufanya ile tunayoita restitisio, yaani aliyetoka seminani anawasimulia waliobaki. Nusu saa ya kusimulia, kama wagonjwa hawajajaa uwanjani. Lakini nani anapima usiku? Si IT. IT ana ripoti za mwisho wa mwezi, ana mikutano, ana chanjo. Anayepima ni muuguzi wa zamu, pengine A2 aliyetoka shule juzi, pengine N.U. asiye na mshahara wala prime, pengine mtu aliyekuwa msafi wa wodi na polepole akazoezwa kuchoma vidole kwa sababu ana mkono mwepesi. Huyo hakuwa kwenye orodha, hakuwa kwenye slaidi, na restitisio ilimkuta akifua mashuka. Halafu IT mwenyewe anahamishwa, ao anakimbia vita, na kituo kinabaki "kimefundishwa" kwenye faili ya zone.

Kuna watakaosema ninatia chumvi, kaseti ni rahisi, maelezo yako ndani ya boksi. Basi tuangalie Zambia. Mwaka 2008 jarida la Malaria Journal lilichapisha jaribio lililofanywa na wahudumu wa afya wa jamii, watu wa aina ya reko wetu. Waliopewa tu maelezo ya kiwanda walifanya sawasawa 57% ya hatua. Waliopewa karatasi ya picha inayoonyesha hatua moja moja walifika 80%. Waliopewa karatasi hiyo pamoja na mafunzo ya saa tatu walifika 92%. Kusoma matokeo kulifuata njia ileile: 54%, 82%, 93%.

Nazipenda namba hizi kwa sababu zinawakata pande zote mbili. Anayesema "mtu yeyote anaweza" anajibiwa na ile 57%. Anayesema "huwezi kumfundisha reko, ni kazi ya laborantini" anajibiwa na ile 92%. Na anayesema mafunzo ni ghali anajibiwa na zile saa tatu. Si semesta, wenzangu. Ni saa tatu na karatasi ya picha, lakini mkono uwe umeshika kaseti na mtu mwingine awe anaangalia mkono ule.

Hata hapa Congo suala hili limepimwa. Watafiti wa INRB ya Kinshasa na wenzao wa Antwerp walichapisha mwaka 2013 zoezi zuri sana: walituma picha za kaseti kwenye vituo vya nchi yetu, na watumiaji 1,849 wakajibu kwa SMS wanaona nini. Makosa yaliyojitokeza yanatuhusu. Kuna waliosoma kaseti isiyo na mstari wa C, yaani kipimo kilichokufa, kama vile kimetoa jibu. Na kuna walioona mstari hafifu wa T na kusema hakuna malaria. Angalia kwamba hayo ni makosa ya kusoma picha tu, mtu ametulia, hakuna mtoto anayelia, hakuna foleni, hakuna taa ya simu inayozimika. Makosa ya mkono yako nje ya hesabu hiyo. Damu nyingi kuliko inavyotakiwa. Kaseti iliyofunguliwa asubuhi ikamngoja mgonjwa hadi mchana, ikanyonya unyevunyevu wa pori la Walikale. Maji ya kipimo yaliyoisha, mtu akaazima chupa ya pakiti nyingine, ao akadondosha seramu ya drip, ao maji ya kawaida. Hili la mwisho limejaribiwa labo, na jibu linatisha: maji yasiyo ya kipimo yanaweza kuleta mstari wa T mahali ambapo hakuna malaria. Kaseti haitagoma kufanya kazi, itakudanganya kwa adabu. Na kila anayejua barabara za kwetu wakati wa mvua anajua kwamba chupa ya maji ya kipimo kuisha kabla ya kaseti si hadithi.

Nakuja sasa kwenye mstari hafifu, maana hapo njo penye uzito.

Kwenye semina ya malaria tunafundishwa: mstari ni mstari. Hata kama T ni hafifu kama alama ya penseli iliyofutwa, ni malaria, mpe mtoto dawa. Ni sahihi. Sasa mtu huyohuyo, juma linalofuata, anampima mama mjamzito VVU. Anaona alama hafifu. Amefundishwa nini? Kama amefundishwa "mstari ni mstari" na basi, tuko kwenye hatari kubwa, na ushahidi hauko mbali. Uko Bukavu, ng'ambo ya ziwa.

Kati ya Januari na Mei 2006, watu 2,864 walipimwa VVU kwenye vituo vya Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, mjini Bukavu. Waliopima walikuwa wauguzi washauri, wakitumia Determine na Uni-Gold kwa pamoja, kama utaratibu wa wakati ule ulivyotaka. Damu za watu 229 ambao vipimo vyote viwili vilisema "ndiyo", na labo ikarudia ikasema "ndiyo", zilipelekwa kwenye kipimo kikubwa cha Western blot. Watu 24 hawakuthibitishwa. Hiyo ni 10.5%. Kati ya wale 229, 17 walikuwa na mistari hafifu. Katika hao 17, waliothibitishwa ni sifuri. Hakuna hata mmoja.

MSF wenyewe njo waliochapisha matokeo hayo, mwaka 2009, na nawapa heshima, maana wengi wangeyafungia kabatini. Lakini tusome vizuri kinachosemwa. Hapa hatuongelei mkono mchafu ao muuguzi mvivu. Labo ilirudia na kupata jibu lilelile. Kilichoshindwa ni kipimo chenyewe katika damu za watu wetu, pamoja na utaratibu ulioridhika na "ndiyo" mbili. Muuguzi aliyefundishwa vidole tu asingeweza kujua. Muuguzi aliyefundishwa mipaka ya kipimo, kile kipengele ambacho ISO inakitaja na semina zetu zinakiruka kwa sababu muda umeisha, angesimama, angeandika "hafifu", na asingemwambia mama yule kitu chochote kabla ya kuthibitisha. Tangu 2019 OMS inataka vipimo vitatu vinavyofuatana viseme "ndiyo" kabla ya kumwambia mtu ana VVU, na arudiwe kupimwa kabla ya kuanza dawa. Vizuri sana. Lakini kijijini Katoyi, aina ya tatu ya kipimo ikikosekana stoo, utaratibu wote unabaki kichwani mwa yule aliye zamu usiku ule. Kama kichwani hamna, mama anarudi nyumbani na hukumu. Mnajua ndoa ngapi zinavunjika kwa karatasi ya namna hiyo? Mimi sijui idadi, lakini sihitaji idadi kujua mume atafanya nini.

Kuna kosa la upande wa pili, ambalo halifukuzi mtu nyumbani lakini linaua kimyakimya: damu ya kuongezea. Mtoto wa malaria kali anafika hopitalini mweupe mdomo na viganja, anahitaji damu usiku huu, baba ananyoosha mkono. Damu ya baba inapimwa VVU, hepatiti B, hepatiti C, kaswende, mara nyingi kwa vipimo vya haraka vilevile. Kila kimoja kina saa yake. Cha malaria cha aina inayojulikana sana kwetu kinasomwa kati ya dakika 15 na 30. Determine ya VVU inangoja dakika 15 na inakubali hadi 60. Cha kaswende cha SD Bioline kinasomwa kati ya dakika 5 na 20. Vipange vinne mezani, mtoto anahema kwa shida, bibi yake analia mlangoni, na mtu aliyefundishwa kipimo kimoja tu, mwaka juzi. Atasoma vyote kwa saa moja, ile anayoikumbuka ao ile ambayo huruma inamsukuma. Akisoma mapema, mstari uliokuwa njiani haujafika. Mtu anafundishwa TDR ya malaria kwa pesa za programu ya malaria, VVU kwa pesa za programu ya VVU, kila programu na semina yake na perdiem yake, na hakuna semina hata moja ya kumfundisha kusimama mbele ya kaseti nne kwa wakati mmoja. Hilo ni kosa la waliokaa ofisini, si la wa zamu.

Sukari nitaipita haraka. Glukometa moja inasoma kwa mg/dl, nyingine ya msaada inasoma kwa mmol/l. Mtoto mwenye utapiamlo mkali akiwa na 54 kwenye ya kwanza, ya pili itaandika 3. Ni sukari ileile.

Jambo ambalo naona wakosoaji wengi wanalisahau ni hili: hata mkono ukiwa safi na jicho likiwa kali, bado kuna uamuzi. Utafiti uliofanywa kaskazini-mashariki mwa Tanzania na kuchapishwa na BMJ mwaka 2007 ulionyesha kwamba wagonjwa waliopimwa na kukutwa hawana malaria, zaidi ya nusu walipewa dawa ya malaria vilevile. Kipimo kilisema hapana, muganga akasema ndiyo. Na kwetu ni vile. Mama amebeba mtoto saa nne kwa miguu, wewe unamwambia "hana malaria, sijui ana nini"? Ni vigumu. Mafunzo yasiyomwambia muuguzi afanye nini baada ya mstari mmoja (hesabu pumzi, angalia masikio, angalia kuhara, mpeleke mbele) yanampa kipimo asichoweza kukiamini. Na upande mwingine, kaseti nyingi zinatafuta protini ya HRP2, ambayo inabaki ndani ya damu majuma kadhaa baada ya mtoto kupona. Akirudi baada ya siku kumi na homa ya mapafu, kaseti itasema malaria tena. Asiyejua hilo atampa dawa ya malaria tena, na mapafu yataendelea.

Halafu lugha. Sitaki kuileta kama wimbo, lakini slaidi ni Kifaransa, maelezo ya boksi ni Kifaransa na Kiingereza, na reko anaota kwa Kihunde, Kinyanga, Kikumu ao Kinyarwanda, na anasimulia kwa Kiswahili. Neno "invalide" peke yake limeleta fujo: kuna wanaolisikia kama "hana ugonjwa", wengine kama "mlemavu". Ukimwambia "kipimo kimekufa, tupa, anza upya", anaelewa hapohapo. Ile karatasi ya picha ya OMS ni ya bure. Kuandika chini yake Kiswahili cha Kivu ni kazi ya jioni moja kwa mtu mwenye kompyuta, na kwenye umoja wetu kompyuta ziko.

Najua jibu ambalo wakubwa watatoa, nalo lina uzito: vita. Masisi-centre ilichukuliwa na M23 mwanzoni mwa Januari 2025, Goma mwishoni mwa mwezi uleule, Walikale-centre mwezi wa Machi. Uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Waganga wamekimbia, wengine wamerudi, barabara zinafungwa na kufunguliwa. Utamdai nani cheti cha uwezo mahali ambapo kituo kizima kimehamia kanisani? Wanasema tuache masharti mpaka amani ije.

Sikubali, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni Ebola. Mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ulipiga Kivu ya Kaskazini na Ituri katikati ya vita na kuisha Juni 2020, ukiwa na wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Mwezi wa Agosti 2019 ulifika hadi zone ya Pinga, ndani ya Walikale yetu. Katika fujo ile ile, INRB ilipeleka mashine za GeneXpert karibu na wagonjwa, Beni, Butembo, Goma na kwingine, na watu wakafundishwa kuzitumia mahali pa kazi, mkono juu ya mashine. Vita havikuzuia. Iliwezekana kwa sababu dunia iliogopa. Malaria ya mtoto wa Kibua haimwogopeshi mtu wa Geneva, basi tunaambiwa tungoje amani. Ya pili ni kwamba ni vita vyenyewe vinavyofanya sharti lifungwe kwa mtu. Kama uwezo umeandikwa kwenye faili ya kituo, kituo kikichomwa umeungua. Kama umeandikwa kwa mtu, pamoja na aina ya kipimo na tarehe, kwenye kadi ndogo anayoibeba na kitambulisho chake, akikimbilia Minova ao Kisangani anafika nao, na zone inayompokea inajua anaweza kupima nini na hajaonwa akipima nini.

Basi ningebadilisha nini? Ningeanza kwa kuua semina ya hotelini, samahani kwa wenye hoteli. Pesa ile imlipie laborantini wa hopitali kuu pikipiki, mafuta na siku za kuzunguka vituo, akae nusu siku kila kituo, amwone kila anayepima, wa mchana na wa usiku, mwenye matrikule na N.U., akipima mtu wa kweli kwa karatasi ya hatua mkononi. Aliyepita asainiwe kwa kipimo kile tu. Asiyepita arudie, bila kuaibishwa mbele ya wagonjwa. Rejista iongezwe safu moja ya kaseti zilizokufa na mistari hafifu, maana kituo ambacho kwa mwaka mzima hakijaandika hata kaseti moja iliyokufa hakina bahati, kina watu wasiozitambua. Mahali ambapo pikipiki haipiti, turudie ujanja wa picha na SMS. Wakati ule uliwezekana kwa simu za vitufe, leo kila mtu ana WhatsApp pale penye mtandao. Na N.U. aliyeonyesha uwezo alipwe kitu, kwa sababu mtu usiyemlipa huwezi kumdai, na akipata kazi mgodini Bisie ataondoka na saa tatu zako.

Kazi hiyo ya kuzunguka inahitaji watu, na watu wanasoma ukurasa huu. Kila mwaka ISTM zinatoa laborantini ambao wanarudi kukaa nyumbani ao kuuza vocha. Wanafunzi wanaokwenda staji Mweso, Masisi ao Walikale wanaweza kuanza bila kungoja barua kutoka Goma. Chagueni kituo kimoja cha afya ndani ya zone, mwulizeni IT swali hili: usiku wa Jumapili, hapa, nani anapima, kwa vipimo vipi, na nani aliwahi kusimama pembeni akamwangalia kuanzia kidole hadi rejista? Andikeni majina mliyopewa, wekeni alama ya kuuliza palipokosekana jina, na mpelekeeni MCZ karatasi hiyo kabla staji haijaisha.